Tela la Mzee Pantaleo

Mwaka ule wa hamsini na sita wakulima wa Lipangalala walichoka kuuza mpunga wao kwa wenye malori. Lori lilikuja likasimama barabarani, utingo akashuka na mizani, na bei ilikuwa ile ile aliyotoka nayo huko alikotoka. Ukikataa, lori liliondoka na mpunga wako ukabaki ndani ukiliwa na panya. Mzee Pantaleo ndiye aliyesema kwanza kwamba wakipata gari lao wataupeleka mpunga wenyewe mpaka stesheni ya Kilosa. Alikuwa mtu wa Mahenge kwa asili, mrefu, mwenye sauti ya kanisani, na aliposema jambo hakuhitaji kulirudia. Wakachanga. Wengine walitoa mpunga, wengine mbuzi, na mjane mmoja jina lake Digna aliuza cherehani yake. Likapatikana gari, pikapu iliyochakaa ya mzungu mmoja wa pamba aliyekuwa akirudi kwao.

Dreva hakutafutwa mbali. Kelestini alikuwa mkwe wa Pantaleo, amemwoa binti yake Rosa, na alikuwa amejifunza gari vitani, huko Burma, akivuta mizinga kwenye matope. Tangu arudi alikuwa akilima tu kama wenzake. Walipomkabidhi ile pikapu alikaa nayo siku nzima chini ya banda, akafungua, akasafisha, akafunga, na jioni alipoiwasha ikanguruma vizuri watu walipiga makofi. Rosa alisimama mlangoni na mtoto wao Kandida kiunoni. Alikuwa hajawahi kumwona mumewe akicheka vile.

Msimu wa kwanza gari lilibeba lilichoweza, gunia chache kwa safari, na safari zilikuwa nyingi mno. Petroli ilikula faida. Watu waliochanga walianza kuuliza gunia zao zitaondoka lini, na mvua haikuwa mbali. Hapo ndipo Pantaleo alipolileta tela.

Lilikuwa tela la magogo, kutoka kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa huko upande wa Sanje. Nyuma lilikuwa na ekseli moja yenye matairi manne, mawili kila upande. Mbele halikuwa na magurudumu kabisa. Pua yake ilitengenezwa ikalie mgongoni mwa gari linalolivuta, juu ya sahani nene ya chuma, na kwenye sahani ile kulikuwa na tundu la kushika pini, ili tela ligeuke gari linapogeuka. Lori la kiwanda lilikuwa limeuzwa peke yake, tela likabaki majanini. Pantaleo alilipata kwa bei ya vyuma chakavu, na alilileta Lipangalala likivutwa na trekta la kuazima, yeye mwenyewe amesimama juu yake.

Kelestini alilizunguka mara mbili. Aligonga matairi kwa kisigino, akainama akatazama springi, kisha akanyooka.

"Tela zuri, Baba," alisema. "Lakini si la gari hili."

"Kwa nini si la gari hili? Sahani itafungwa nyuma ya pikapu. Fundi ameshasema itafungika."

"Itafungika. Kufungika siyo kuvutika. Tela hili lilikuwa likivutwa na lori lenye uzito wake. Pikapu hii tela tupu tu linaizidi."

"Trekta dogo limelivuta."

"Limelivuta tupu, Baba, na polepole, na kwenye tambarare."

Pantaleo aliitazama pikapu, akalitazama tela, akawatazama watu waliokuwa wamekusanyika. Hakupenda kubishiwa mbele yao, na Kelestini alilijua hilo. Alishusha sauti, akaomba waende pembeni. Pantaleo akasema hakuna siri, mali ni ya wote, aseme hapo hapo.

Basi Kelestini akasema. Alisema sahani ingetakiwa kukaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu, au mbele yake kidogo, ili mzigo ukandamize matairi yote manne. Lakini mgongo wa pikapu ni mfupi. Ukiiweka sahani hapo, pua ya tela itagonga kibanda cha dreva kila mkipiga kona. Ndiyo maana fundi anataka kuifunga kule mwisho, karibu na mkia. Na mzigo ukikaa mkiani, mbele kutanyanyuka.

"Kutanyanyuka vipi?" aliuliza Tadei.

Tadei alikuwa ndugu yake Rosa, mdogo wake wa kumfuatia, kijana aliyeoa mwaka uliopita. Kelestini ndiye aliyemfundisha kuendesha. Alipenda gari kuliko chakula, na katika nyumba ya Pantaleo hakuna mtu ambaye Kelestini alikuwa akizungumza naye kwa raha kama yeye.

"Utaona mwenyewe," alimwambia.

Fundi alipomaliza kufunga sahani walilishusha tela juu yake, wakapakia gunia arobaini. Springi za pikapu zilinyooka, kisha zikapinda kwenda upande usiotakiwa. Kelestini akamwita Tadei mbele ya gari, akamwambia ashike bampa ainue. Tadei akashika, akainua, na matairi ya mbele yakaachana na ardhi kama mtu anavyoinua kiti. Watu wakacheka. Tadei naye akacheka, akarudia mara ya pili ili mkewe Apolonia aone.

Kelestini hakucheka. "Usukani uko kwenye matairi hayo," alisema. "Kama mtu mmoja anayanyanyua kwa mikono, barabarani yatashika nini?"

Kicheko kiliisha. Kwa muda ilionekana wamemsikia. Kisha Pantaleo akasema, taratibu kabisa, kwamba kama shida ni wepesi wa mbele basi mbele kuwekwe uzito. Wafunge magunia ya mchanga kwenye bampa. Wakafunga. Tadei akajaribu tena kuinua, akashindwa, na watu wakapumua.

"Hilo limetibu usukani," alisema Kelestini. "Na breki? Tela hili breki zake zilikuwa zinatoka kwenye lori. Mabomba yamekatwa, angalieni. Sasa breki ni za pikapu peke yake. Kwenye mteremko, gari halitavuta tela. Tela litasukuma gari."

"Wewe unataka tufanye nini?" aliuliza Pantaleo.

"Tuliuze, tuongeze, tutafute lori. Hata bovu. Nitalitengeneza. Au tupakie gunia kumi tu, nami nitakwenda."

"Gunia kumi tunabeba bila tela."

Hilo lilikuwa kweli.

Alikwenda safari moja na gunia ishirini, kwa sababu alikuwa mkwe na kwa sababu aliombwa na watu wazima kuliko yeye. Aliteremka kila korongo kwa gia ya kwanza, na Tadei akitembea kando ameshika gogo la kuzuia tairi. Walifika Kilosa, wakauza, wakarudi, na Lipangalala ilichinja mbuzi. Kelestini hakula. Alimwambia Rosa, na waliokuwa karibu wakasikia, kwamba kwenye kijito kimoja kabla ya Sanje alikanyaga breki mpaka mguu ukatetemeka, na gari liliendelea kwenda. Lilisimama lilipotaka lenyewe, kule chini, kwenye magogo ya daraja.

"Sirudi tena na tela lile," alisema. "Hata wakinifukuza."

Kilichofuata hakikuwa kufukuzwa. Kilikuwa maneno. Kwenye kilabu cha pombe walisema dreva wa Burma anaogopa gunia za mpunga. Mtu akasema amenunuliwa na wenye malori ili gari la wakulima lilale. Mwingine akasema alimwona akizungumza na utingo wao, na kweli alikuwa amezungumza naye, alikuwa akimuuliza kama kuna lori bovu linauzwa. Pantaleo hakusema lolote hadharani. Alikuja nyumbani kwa binti yake, akakaa, akakataa maji, akasema, "Nilikupa mtoto wangu sikukuuliza una nini. Leo nakuomba safari tatu."

"Baba, ukiniomba nibebe gunia hizo kichwani nitabeba."

Pantaleo aliondoka bila kuaga.

Siku ile Kelestini alifanya jambo walilofundishwa jeshini kila walipoacha gari mahali wasipopaamini. Alifungua boneti, akatoa rota, kile kipande kidogo cheusi kinachogawa moto kwenye plagi. Bila hicho gari haliwaki, hata ulisukume mpaka Mahenge. Alikifunga kwenye kitambaa, akakitia ndani ya kibuyu cha mbegu kilichoning'inia darini, na alimwonyesha Rosa. Hakuona sababu ya kumficha. Alimwambia, "Wakiuliza, sema hujui."

Rosa alikubali. Alikubali kwa moyo, maana alikuwa amemwona mguu wake ukitetemeka hata baada ya kufika nyumbani. Lakini kisimani wanawake walinyamaza alipokaribia. Mama yake, ambaye alikuwa akimletea Kandida ndizi kila Jumapili, aliacha kuja. Digna, yule mjane, alimsimamisha njiani akamwambia bila hasira, "Cherehani yangu ilikuwa inanilisha." Na mpunga ulikuwa umerundikwa chini ya turubai, na wingu lilikuwa likianza kukaa juu ya milima ya Udzungwa kila alasiri.

Kelestini alikwenda kuvuna shamba lake ng'ambo ya mto Lumemo, akalala huko kwenye kibanda. Aliporudi asubuhi kuchukua chumvi, pikapu haikuwepo bandani. Tela halikuwepo. Turubai lilikuwa limekunjwa.

Aliingia ndani, akashusha kibuyu, akakimwaga chini. Mbegu za maboga zilitawanyika. Rosa alikuwa amekaa kwenye kigoda akimchana Kandida nywele, na hakusimama.

"Nimempa Tadei," alisema.

Kelestini alisimama na kibuyu mkononi.

"Alikuja kuomba, Baba Kandida. Hakunilazimisha. Alisema atateremka kwa gia ya kwanza kama wewe. Baba amekwenda naye." Aliendelea kuchana. "Nimechoka. Mimi ndiye ninayekaa nao. Wewe unakwenda shamba, mimi ndiye ninayesikia mume wangu akiitwa mwoga na msaliti. Ni baba yangu yule. Ni ndugu yangu. Wewe ulirudi salama."

"Na gunia ngapi?"

"Zote," alisema.

Kelestini alichukua baiskeli. Barabara ilikuwa na manyunyu ya asubuhi, na aliziona alama za matairi mbele yake, pana na nzito, zimezama mahali ambapo malori mengine hayakuzama. Alipita Kiberege bila kusimama. Kila alipofika kwenye mteremko alitazama chini kabla ya kushuka, akaona daraja liko zima, akakanyaga pedali tena. Alianza kufikiri labda wamefika. Alianza hata kufikiri labda alikosea, na wazo hilo lilimpa furaha ambayo baadaye hakuweza kuisahau, maana lilikuja muda mfupi tu kabla hajaona watu.

Ilikuwa kwenye kijito kile kile kabla ya Sanje. Alama zilieleza yote. Za tela zilinyooka moja kwa moja kushuka. Za pikapu zilianza kunyooka, kisha zikakaa kiubavu, kama mtu aliyeshikwa bega na kugeuzwa. Tela lilikuwa limeisukuma pikapu mpaka ikapindana nalo, na lilipofika chini pua yake ilitoka kwenye sahani ikaingia kwenye kibanda cha dreva. Mpunga ulikuwa umemwagika mpaka majini. Magunia ya mchanga yalikuwa bado yamefungwa vizuri kwenye bampa.

Watu wa Sanje walikuwa wamemtoa Tadei, wakamlaza kwenye majani ya migomba na kumfunika kwa kanga ya mtu. Kelestini alifunua, akatazama, akafunika. Alikaa chini karibu naye. Aliushika mguu wake wa kulia, ule wa breki, ambao ulikuwa hauna kiatu, akabaki ameushika.

Pantaleo alikuwa amerushwa nje mlango ulipofunguka. Alikuwa ameegemezwa kwenye kichuguu, mguu wake umevunjika na kufungwa vijiti. Alikuwa hajalia. Alimtazama Kelestini.

"Umefikaje hapa?" aliuliza.

"Kwa baiskeli, Baba."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliwafuata."

"Watu wa hapa hawajamtuma mtu kwetu Ifakara," alisema Pantaleo. "Hawajamtuma mtu bado. Na wewe umeshafika."

Kelestini hakuyaelewa maneno hayo wakati ule. Alidhani ni maumivu ya mguu.

Walimzika Tadei kwenye makaburi ya misheni. Apolonia alikuwa na mimba, akashikwa na wanawake wawili asianguke. Padri alihubiri juu ya mapenzi ya Mungu, na watu waliitikia amina, lakini Kelestini aliona kwamba kwenye benchi lake hapakukaa mtu mwingine. Rosa alikaa upande wa mama yake.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa uani kwa Pantaleo. Yeye mwenyewe alilala kwenye kitanda cha kamba, mguu ukiwa kwenye plasta ya hospitali ya misheni. Aliyesema ni Eustaki, mdogo wake, mtu mpole ambaye hajawahi kugombana na yeyote.

"Hatuko hapa kumshitaki mtu," alisema Eustaki. "Tunataka kuelewa. Kelestini, wewe ulisema tela litasukuma gari. Ulisema hivyo mbele ya watu. Na limesukuma. Ulisema kwenye mteremko, na ni kwenye mteremko. Tena kijito kile kile ulichokitaja. Ulijuaje?"

"Kwa sababu ni zito na halina breki, Baba. Mtu yeyote aliyevuta mzigo angejua."

"Wewe ulivuta. Ulikwenda na gunia ishirini, hukuanguka."

"Nusura nianguke."

"Lakini hukuanguka." Eustaki akaendelea. "Halafu kuna kile kidude cha gari. Wewe ulikitoa. Fundi ametueleza kwamba bila hicho gari haliwaki. Tadei alikipata wapi?"

Rosa alikuwa amekaa mkekani kati ya mama yake na Apolonia, mkono mmoja mgongoni mwa Apolonia, akimpapasa. Kelestini alimtazama. Hakumtazama kwa kutisha. Alimtazama kama mtu anavyomwachia mwenzake mlango aingie kwanza. Mkono wa Rosa uliacha kupapasa. Macho yake yalikuwa kwenye ukindu wa mkeka, na hayakuinuka.

Kelestini alingoja. Kila mtu alidhani anatafuta uongo. Yeye alikuwa akingoja sauti ya mkewe, na alipoona haiji alielewa pia kwa nini haiji. Apolonia alikuwa amemlalia begani.

"Sijui," alisema.

"Hujui."

"Sijui alikipata wapi."

Eustaki alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni ya kweli. "Basi ulikiacha mahali akione," alisema. "Na hatujui ulikifanya nini kabla ya kukiacha."

Hapakutajwa neno uchawi. Walikuwa Wakristo, na padri alikuwa amekataza. Hakuna aliyempiga wala kumchomea nyumba. Waliacha tu kumsalimu. Watoto waliofundishwa shikamoo tangu wanyonye maziwa walimpita kimya, na wazazi wao hawakuwakemea. Ng'ombe wa mtu akifa Lipangalala, mtu yule alipita mbele ya nyumba ya Kelestini akitembea polepole. Nyumbani Rosa alipika, akafua, akampa maji ya kuoga. Hawakulitaja jambo lile. Mara moja tu, akiwa jikoni, Kelestini alisema, "Ungesema tu, Mama Kandida. Mimi ningekusimamia." Rosa alijibu bila kugeuka, "Baba angekufa." Kisha akasema, "Na Apolonia je?" Chungu kilikuwa kikichemka, akaongeza unga.

Labda mambo yangepoa. Watu husahau, hasa mvua zikiwa nzuri. Lakini mfanyabiashara mmoja wa Ifakara alilinunua lile tela. Alilitoa korongoni, akalinyoosha, akaunganisha mabomba ya breki, akalikalisha juu ya lori lake kubwa, na msimu uliofuata likaanza kupita Lipangalala. Lilipita na gunia mara mbili ya zile za Tadei, turubai limefungwa juu, utingo akiimba. Lilikwenda Kilosa likarudi. Likaenda tena likarudi. Mwaka ukaisha halijakwaruza hata kisiki.

Siku moja Eustaki alisimama mbele ya uzio wa Kelestini, lori likiwa linapita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu wa ukoo ule kusimama hapo.

"Tela lile lile," alisema Eustaki. "Barabara ile ile. Kijito kile kile."

"Lakini gari siyo lile lile, Baba," alisema Kelestini, na akatoka nje haraka, akiwa na matumaini, kwa sababu angalau ameongeleshwa. Alieleza yote upya. Alichora kwenye vumbi kwa kijiti. Alionyesha ekseli ya lori ilipo na sahani ilipo, jinsi mzigo unavyokandamiza badala ya kunyanyua. Alieleza kwamba dreva wa lori akikanyaga breki, tela nalo linajishika lenyewe, halingoji kushikwa. Alisema lori lile peke yake lina uzito kama pikapu nne, na kwa hiyo linaweza kuliambia tela simama, nalo likasikia. Alisema haya ndiyo aliyosema tangu mwanzo.

Eustaki alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Unayajua sana," alisema, akaenda zake.

Baada ya hapo hata Digna, ambaye alikuwa akimnunulia Kandida sukari guru, aliacha kupita njia ile. Kelestini alimwambia Rosa kwamba ana binamu Masagati, mbele ya Mlimba, mahali ambako gari halijafika, na kwamba kuna ardhi. Alimwomba waende wote. Rosa alisema baba yake hawezi kutembea na mama yake amezeeka. Alisema atakuja baadaye. Kelestini alifunga jembe, chungu, na blanketi la jeshi, akambeba Kandida mpaka mwisho wa nyumba za Lipangalala, akamshusha hapo. Mtoto alirudi akikimbia kwa mama yake.

Masagati alilima mahindi na viazi kama kila mtu. Watu wa huko walimwona mtu mkimya, mwenye kusaidia, na hawakuuliza. Habari za bondeni zilimfikia kwa wapitaji: Apolonia alijifungua mtoto wa kiume akampa jina la Tadei. Pantaleo alianza kutembea kwa mkongojo. Miaka ikapita, wakasema Pantaleo amekufa, na kwamba mpaka mwisho alikuwa akiwaambia wanaomtembelea kwamba mkwewe alifika kwenye maiti kabla ya habari.

Mwaka uliofuata, wakati wa kupalilia, Rosa alikuja. Alikuwa ametembea kutoka Mlimba na mzigo kichwani, na Kandida nyuma yake, msichana mrefu sasa, mwenye paji la uso la Pantaleo. Kelestini aliwaona wakipanda kilima, akaacha jembe kwenye tuta.

Alichinja kuku, akapika mwenyewe, akamkataza Rosa kugusa moto. Rosa alikaa mlangoni, vumbi la njia likiwa bado miguuni mwake.

"Nimeungama," alisema. "Kwa padri. Nimesema yote, kwamba mimi ndiye niliyempa. Ameniambia nije nikuombe msamaha."

"Mama yako umemwambia?"

"Hapana."

"Eustaki?"

"Hapana."

"Apolonia?"

Rosa alitikisa kichwa. Alikuwa akilia, lakini bila sauti, kwa namna ya mtu aliyezoea.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia mimi," alisema Kelestini, "mimi ninayejua."

Hakusema kwa hasira. Hasira alikuwa nayo zamani, alipokuwa akivunja ardhi mpya, na iliishia humo. Alipakua ugali, akaweka vipande vya kuku vyenye minofu zaidi upande wa Kandida, akaweka maji ya kunawa. Msichana alinawa. Kisha aliweka mikono mapajani, akatazama sahani, akamtazama mama yake. Hakugusa. Alingoja. Rosa hakuelewa kwanza. Alipoelewa, uso wake ulibadilika, akamega tonge haraka, akalichovya mchuzini, akala, akameza. Hapo ndipo Kandida alipoanza kula.

Kelestini aliona yote hayo. Alikula chakula chake.

Msichana alipotoka kuosha vyombo, Kelestini alisema, "Huyo tu. Sitaki wengine. Mwambie huyo."

"Nitamwambia akikua."

"Amekua, Rosa."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu walipooana. Rosa alifunga kanga yake vizuri, akaifungua, akaifunga tena. Nje maji yalisikika yakimwagwa. Alisema kwamba kama mumewe angetaka, wangebaki, yeye na mtoto, walime pamoja. Kelestini alisema nyumba ni yake, abaki akitaka, lakini kwanza aseme neno moja kwa mtoto. Rosa alisema njia ilikuwa ndefu, amechoka, wazungumze kesho.

Kesho yake walizungumza juu ya mahindi, na juu ya paa linalovuja kwa mama yake. Waliondoka baada ya uji, kabla jua halijakuwa kali. Kelestini aliwasindikiza mpaka kwenye kijito, akamshika Rosa mkono avuke kwenye mawe. Kandida alivuka peke yake. Ng'ambo msichana aligeuka, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa, akamwamkia kwa sauti ya chini, akiwa amesimama nyuma ya mama yake.

"Marahaba, mwanangu," alijibu.

Alisimama pale mpaka wakapotea nyuma ya mianzi, kisha akarudi shambani, ambako magugu yalikuwa mengi.